Kichwa cha treni ya mtumba kimekataa kutembea: mwongozo kamili wa kukipima na kukitengeneza

Wengi wanaonunua vichwa vya treni ndogo za kuchezea za dijitali hapa Malindi, hasa kutoka kwa familia za Kiitaliano zinazofunga nyumba zao Casuarina na kurudi kwao, hukwama pale pale. Kichwa kinawekwa relini, hakisogei, na mwenyewe anaagiza dikoda mpya. Dikoda inafika baada ya majuma kadhaa, inafungwa, na inaungua siku hiyo hiyo. Pesa imekwenda, na ubovu bado uko mle mle ulimokuwa.

Tatizo ni kwamba watu huanzia juu. Dikoda, yaani ile boadi ndogo inayopokea amri kutoka relini na kuigawia mota na taa umeme, ndiyo ya mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna reli, magurudumu, vibati vya kuchotea umeme, nyaya, kaboni za mota na gia. Kichwa kilicholala kabatini karibu na bahari miaka kadhaa huwa kimeharibika huko chini kwanza.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nimeandika kwa kufikiria treni za ukubwa wa H0, yaani 1:87, zenye reli ya upana wa milimita 16.5, zinazotumia mfumo wa DCC, yaani ule unaotuma amri za dijitali pamoja na umeme kupitia reli. Mwenye N, reli ya milimita 9, afuate hatua hizo hizo kwa mkono mwepesi zaidi.

## Vifaa vya kukusanya kwanza

Usifungue skrubu hata moja kabla vitu hivi havijafika mezani. Kichwa kilichofunguliwa nusu kikaachwa kusubiri kifaa hupoteza springi, na springi za kaboni hazipatikani dukani kwetu.

- Maltimita yenye mlio wa kupimia kama waya umeungana, na yenye tundu la ampia 10.
- Spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Muulize fundi wa simu, ndiyo wanayooshea boadi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji. Itakufaa kwa magurudumu tu, tena uyakaushe haraka. Kiondoa rangi ya kucha na thina usivikaribishe kabisa, huyeyusha plastiki.
- Pamba za masikio, vijiti vya meno, ufutio wa penseli na mswaki laini.
- Bisibisi ndogo za saa, kibano, na mkanda wa kuhami umeme.
- Mafuta ya cherehani, na grisi nyeupe isiyodhuru plastiki. Mafuta ya kupikia na ya nazi huganda, usiyatumie hata kwa dharura.
- Adapta ya umeme mnyoofu ya volti 12, ampia 2, kama zile za kamera za ulinzi.
- Balbu ndogo ya volti 12, wati 2 au 3, ya dashibodi ya boda boda, iliyofungwa nyaya mbili.
- Solda ya ncha nyembamba na waya wa risasi.
- Kidhibiti cha DCC chenye njia ya kusomea dikoda. Kama huna cha dukani, boadi ya Arduino Mega pamoja na boadi yake ya kuendeshea mota, ikiwekwa programu ya DCC-EX na kuunganishwa na JMRI kwenye kompyuta, inatosha kwa kazi yote iliyo hapa. Programu zote mbili ni za bure.
- Kipande cha reli cha sentimita 50 hivi, ambacho hakigusani na reli nyingine yoyote. Hiki tutakiita reli ya kusomea.
- Sarafu ya shilingi 10.

## Hatua ya 1: Jua umenunua nini

Geuza kichwa, kitazame tumboni. Ukiona kijiti kirefu cha chuma kinachoning'inia katikati, kama cha kuteleza juu ya reli, hicho ni kichwa cha mfumo wa reli tatu wa Märklin. Kampuni nyingine nazo, Roco mojawapo, zimetengeneza matoleo ya mfumo huo, kwa hiyo jina la kwenye sanduku halikuambii kila kitu.

Usikiweke kwenye reli mbili. Magurudumu yake ya kulia na kushoto yameungana, kwa hiyo ni shoti moja kwa moja. Tena dikoda nyingi za zamani za Märklin zinaelewa lugha ya Motorola peke yake, hazisikii DCC. Vipo vidhibiti vinavyosema lugha zote mbili, kama Intellibox ya Uhlenbrock na ECoS ya ESU, lakini reli bado lazima iwe ya kwake. Mtu mwenye reli mbili akiuziwa kichwa hiki, la maana ni kukibadilisha na mwenzake mwenye Märklin. Kukigeuza ni kazi ya magurudumu mapya na mara nyingi dikoda mpya.

Pima na maltimita kwenye mlio: ncha moja gurudumu la kushoto, nyingine la kulia la ekseli hiyo hiyo. Kikiwa cha reli mbili chenye dikoda, lazima pawe kimya; kisicho na dikoda kinaweza kulia kupitia mota.

Kisha fungua ganda utazame kama dikoda ipo kweli. Vichwa vingi vinauzwa vikiwa na soketi tupu iliyochomekwa plagi bubu, ile boadi ndogo isiyo na chipu inayounganisha reli na mota moja kwa moja. Kichwa cha namna hiyo kikiwekwa kwenye reli ya DCC, mota inaimba papo hapo bila kuzunguka na inaanza kupata joto. Kiondoe upesi. Mlio huo si wa dikoda mbovu, ni wa kichwa kisicho na dikoda, na ukikiacha mota itaungua.

## Hatua ya 2: Pima reli na kidhibiti

Weka maltimita kwenye volti za umeme geu, gusa reli zote mbili. Kwa H0 utasoma kati ya volti 12 na 16 hivi. Maltimita ya kawaida haisomi wimbi la DCC sawasawa, kwa hiyo usigombanie nusu volti.

Sasa laza sarafu ya shilingi 10 juu ya reli mbili. Kidhibiti kizima hukata umeme mara moja. Ondoa sarafu, washa tena, uilaze mbali zaidi, hasa mwisho wa reli na baada ya kila kigeuzio, yaani pale njia inapogawanyika. Mahali ambapo sarafu haikati, maana yake umeme unapita kwenye waya mwembamba au kiungo chenye kutu. Siku kichwa kitakapotoka reli hapo, mkondo utaendelea kupita kwenye vibati na nyaya zake mpaka kitu kiyeyuke.

Usipeleke kichwa chochote relini kabla sarafu haijafaulu kila mahali.

Futa reli kwa kitambaa chenye aisopropili. Usitumie msasa: unaacha mikwaruzo, na uchafu hupenda kukaa humo. Wanaoweka reli chini ya paa la makuti wana shida nyingine tena. Lile vumbi la kahawia linalodondoka polepole hujikusanya hasa kwenye viungo na ndani ya vigeuzio, halipitishi umeme, na likichanganyika na mafuta ya magurudumu linakuwa utando mgumu. Tandika shuka juu ya reli kila unapomaliza kucheza.

## Hatua ya 3: Safisha kichwa

Kwanza tazama fremu ya chuma. Baadhi ya fremu za kumimina zenye zinki huoza kwa ndani kadiri miaka inavyopita: zinavimba, zinapinda, kisha zinapasuka kama tope la Sabaki lililokauka. Ukiona nyufa za namna hiyo, acha. Hakuna gundi wala rangi itakayozuia. Toa mota, magurudumu, taa na dikoda, vihifadhi kwa vichwa vingine.

Fremu ikiwa nzima, anza na magurudumu. Chovya pamba ya masikio kwenye aisopropili, izungushe kwenye uso wa gurudumu unaokanyaga reli. Itatoka na mstari mweusi. Badilisha pamba, endelea mpaka itoke nyeupe. Magurudumu yenye pete za mpira usiyaloweshe spiriti. Mpira hukauka na kulegea. Pete iliyopasuka ibadilishe, kwa sababu inamfanya mtu adhani mota haina nguvu.

Nyuma ya kila gurudumu kuna kibati chembamba cha shaba kinachoegemea. Hapa ndipo hewa ya chumvi ya Malindi hufanya kazi yake. Kibati kinaota kutu ya kijani, au kinakuwa na ngozi ya kahawia ambayo kwa macho ni safi lakini haipitishi umeme. Kifute kwa ufutio wa penseli, kisha kwa spiriti. Halafu kipinde taratibu kwa kibano mpaka kiguse gurudumu bila kulizuia lisizunguke.

Mota sasa. Toa kaboni moja moja, ukiziba tundu kwa kidole ili springi isiruke. Kaboni iliyobaki fupi kuliko upana wake ibadilishwe. Silinda ndogo ya shaba inayoguswa na kaboni huwa na mitaro myembamba. Vumbi la kaboni likijaa humo linaunganisha sehemu zisizotakiwa kuungana, na mota inakula umeme mwingi bila kwenda popote. Kwangua mitaro kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano, kisha futa silinda kwa spiriti. Shaba ing'ae rangi ya waridi.

Grisi ya zamani kwenye gia huwa imekuwa kama nta. Itoe yote kwa mswaki na spiriti, weka mpya kidogo tu. Mafuta ya cherehani ni kwa bushi za mota, tone linaloning'inia kwenye ncha ya sindano, basi. Mafuta yakizidi yanafika kwenye kaboni na unarudi mwanzo.

Zungusha magurudumu kwa kidole kabla hujafunga, kama mota yako inaruhusu. Ukihisi inakwama mara moja kila mzunguko, tafuta gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Ufa huwa mwembamba sana, tumia kioo cha kukuzia.

## Hatua ya 4: Endesha mota bila dikoda

Chomoa dikoda. Iweke mbali, kwenye karatasi kavu. Kama nyaya zimechomelewa moja kwa moja, tenganisha angalau ule wa rangi ya chungwa na wa kijivu, hizo ndizo za mota, na uzihami ncha zake.

Gusisha nyaya za adapta ya volti 12 kwenye ncha mbili za mota. Mota nzima huanza mara moja, huenda kwa sauti moja, na ukigeuza nyaya huzunguka upande mwingine kwa kasi ile ile.

Weka maltimita kwenye tundu la ampia 10, ipitishe umeme wa waya mmoja. Mota ya H0 isiyo na mzigo kwa kawaida huvuta chini ya nusu ampia. Kisha shika gurudumu kwa kidole mpaka mota isimame, usome haraka, uachie. Sekunde mbili zinatosha.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama dikoda itaishi. Dikoda nyingi za H0 zimepimiwa ampia 1 hivi. Mota inayovuta ampia 1.5 ikizuiwa itaunguza dikoda ya ampia 1 siku treni itakapokwama kwenye kona, na hiyo ndiyo hadithi ya dikoda nyingi mpya zilizokufa. Usomaji ukiwa juu, rudi kwenye mitaro ya silinda na kaboni kwanza. Ukibaki juu baada ya kusafisha, sumaku zimechoka au koili zimeshaanza kugusana, badilisha mota.

## Hatua ya 5: Hakikisha mota imetengwa

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na gharama yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Katika treni ya analogi, isiyotumia dikoda, hakuna ubaya kaboni moja kuungana na fremu ya chuma, na vichwa vingi vya zamani vimejengwa hivyo. Katika DCC ni mwiko. Ncha mbili za mota zinatakiwa zipokee umeme kutoka kwa dikoda pekee. Moja ikigusa reli kupitia fremu, umeme wa reli unaingia kwenye dikoda kwa mlango wa kutokea, na chipu inakufa kabla hujanyanyua mkono.

Dikoda ikiwa nje, weka maltimita kwenye mlio. Soketi ya pini 8, inayoitwa NEM 652, imepangwa hivi:

- Pini 1, rangi ya chungwa: mota
- Pini 2, njano: taa za nyuma
- Pini 3, kijani: kazi ya ziada
- Pini 4, nyeusi: reli ya kushoto
- Pini 5, kijivu: mota
- Pini 6, nyeupe: taa za mbele
- Pini 7, buluu: chanya ya pamoja ya taa
- Pini 8, nyekundu: reli ya kulia

Gusa pini 1 na pini 4, kisha 1 na 8. Halafu 5 na 4, kisha 5 na 8. Zote nne lazima ziwe kimya. Rudia huku ukizungusha mota taratibu, kwa sababu kuna shoti zinazojitokeza nafasi moja tu ya mzunguko. Gusa pia kila ncha ya mota na fremu yenyewe: kimya.

Kati ya pini 1 na 5 utasoma omu za koili za mota, kwa kawaida chache hadi makumi kadhaa. Sifuri ni shoti. Ukikosa usomaji kabisa, kaboni haigusi.

Mwisho, gusa pini 4 na kila gurudumu la kushoto, moja moja, kisha pini 8 na kila la kulia. Haya sasa lazima yalie, isipokuwa yenye pete za mpira na yale yasiyo na kibati. Gurudumu moja lisilolia ndilo litakalokufanya useme treni "inakata kata" kwenye vigeuzio.

Ukisikia mlio pasipotakiwa, fuata kaboni mpaka mahali inaposhikana na fremu. Mara nyingi ni ulimi mdogo wa bati, au skrubu ya kufungia mota. Ukate ulimi, weka skrubu ya nailoni au karatasi ya kuhami chini yake, na upeleke waya mpya kutoka kwenye kaboni hadi pini yake. Kapasita zilizofungwa kati ya mota na fremu nazo zikate. Pima tena yote upya. Hakuna "inakaribia kuwa sawa" hapa.

## Hatua ya 6: Soma dikoda kabla ya kuiandika

Rudisha dikoda. Tazama alama ya pini 1. Ukiichomeka plagi ya pini 8 kinyume, kwa kawaida haiungui: kichwa kitatembea lakini taa hazitawaka, kwa sababu chanya ya buluu imekwenda kwenye pini ya kijani. Watu wamefungua taa nzima wakitafuta ubovu ambao unaondoka kwa kugeuza plagi.

Weka kichwa kwenye reli ya kusomea, si kwenye reli kuu. Umeme wake ni mdogo, kwa hiyo kama kuna waya uliokosewa, kidhibiti kitalalamika kabla chochote hakijaungua.

Soma CV 8. CV ni vyumba vya kumbukumbu vya dikoda, kila kimoja kina namba yake na kinashika mpangilio mmoja. Cha 8 ni namba ya mtengenezaji: 99 ni Lenz, 145 ni ZIMO, 151 ni ESU, 129 ni Digitrax, 85 ni Uhlenbrock. Wakati wa kusoma, tazama kichwa kwa karibu. Kitashtuka kidogo, mtikisiko wa nusu milimita, pengine na taa kumeta. Hivyo ndivyo dikoda inavyojibu: inavuta angalau miliampia 60 kwa muda wa milisekunde 6 hivi, na kidhibiti kinahisi mvuto huo.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini "dikoda haisomeki" mara nyingi si kosa la dikoda. Kaboni isiyogusa, waya wa mota uliokatika, au gurudumu chafu huzuia jibu lisifike. Ukikosa jibu na huoni mtikisiko wowote, rudi hatua ya 3 na ya 5. Vichwa vyenye kapasita kubwa ya kushikilia umeme vinaweza pia kukataa kusomeka mpaka kapasita ichomolewe.

Sasa soma na uandike kwenye karatasi: CV 1 (anwani fupi, yaani namba ya kuitia kichwa), 17 na 18 (anwani ndefu), 19 na 29.

CV 29 ni jumla ya vipande. Ongeza 1 kama mwelekeo umegeuzwa, 2 kwa hatua 28 au 128 za kasi, 4 kama analogi inaruhusiwa, 8 kwa RailCom (dikoda kurudisha taarifa kwa kidhibiti), 16 kwa jedwali la kasi, 32 kama anwani ndefu inatumika.

Chukua kichwa cha umeme cha Kiitaliano cha aina ya E.656. Unaita anwani 3, kimya. Unasoma CV 1, unapata 3. Unaamini ni kibovu. Soma CV 29: unapata 38, yaani 32 na 4 na 2. Ile 32 inasema CV 1 haitumiki, anwani ndefu ndiyo inayofanya kazi. CV 17 ni 194, CV 18 ni 144. Toa 192 kwenye 194, unabaki na 2. Mara 256 ni 512. Ongeza 144: 656. Mwenyewe wa kwanza alikipa namba yake ya ubavuni, na ukiita 656 kinaondoka.

CV 19 ni mtego mwingine. Ikiwa si sifuri, kichwa kiliwahi kufungwa pamoja na kingine kuvuta treni moja, na bado kinasubiri amri za kundi hilo. Taa huenda zikawaka ukiita anwani yake, lakini magurudumu hayasogei. Iandike 0.

Sasa kuhusu kufuta. Wengi wakishika kichwa cha mtumba huandika 8 kwenye CV 8 papo hapo, namba ambayo kwa dikoda nyingi hurudisha kila kitu kiwandani (Lenz hutumia 33), na anwani kuwa 3. Sikubaliani nao kabisa. Aliyekuwa nacho huenda alitumia jioni nyingi kulinganisha kasi, mwanga na sauti, na kazi hiyo inafutika kwa sekunde moja bila kurudi. Soma na uandike kwanza. Futa pale tu namba zinapokuwa hazieleweki.

## Hatua ya 7: Dalili zinazobaki

Ukifika hapa kichwa kinajibu. Yafuatayo ni ya kurekebisha tabia.

*Taa zinawaka na kuzima kadiri unavyoongeza kasi.* Dikoda imewekwa hatua 14, kidhibiti kinatuma 28. Katika hatua 14 kipande kimoja cha amri ya kasi ni cha taa, ndiyo maana zinafuata kasi. Ongeza 2 kwenye CV 29.

*Kichwa kinaruka mbio peke yake umeme ukiwaka.* Dikoda inadhani iko kwenye reli ya analogi. Toa 4 kwenye CV 29. Kwa wanaokatikiwa na stima mara kwa mara, mimi naona hili lifanywe kwa kila kichwa.

*Kinaondoka kwa kuchelewa sana na hakisimami unapotaka.* CV 3 na CV 4 ni kubwa. Jaribu 5 kwa kila moja.

*Hakisogei mpaka kasi ifike juu, kisha kinarukia.* Ongeza CV 2 kidogo kidogo. Ikibidi kuipandisha sana, gia bado ni nzito.

*Kinaenda kinyume.* Ongeza 1 kwenye CV 29, au toa 1 kama ipo.

## Hatua ya 8: Hukumu dikoda kwa balbu

Mota ni nzima, imetengwa, magurudumu yote yanalia, na bado hakisogei. Sasa ndipo tunaishuku dikoda.

Toa nyaya za mota kwenye dikoda, mahali pake funga balbu ya boda boda kwenye ule wa chungwa na wa kijivu. Weka kwenye reli ya kusomea, soma CV 8. Balbu inavuta umeme wa kutosha kutoa jibu. Kisha hamia reli kuu, ongeza kasi polepole.

Balbu ikikolea taratibu pande zote mbili, dikoda ni nzima, na kosa liko kwenye waya wa mota. Ikiwaka upande mmoja tu, au ikiwaka kwa nguvu zote hata kasi ikiwa sifuri, njia ya mota imeungua. Chunguza mfuko wake wa plastiki: mara nyingi utaona doa la kahawia au kivimbe, na harufu haijifichi.

Taa zikiwa nzima na njia ya mota imekufa, usiitupe. Itafaa kwenye behewa lenye taa.

Unapoagiza nyingine, taja soketi yako kwa jina: NEM 651 ni pini 6, NEM 652 ni pini 8, kisha kuna 21MTC, PluX na Next18. Hazichomekani. Chagua yenye ampia zaidi ya kipimo chako cha hatua ya 4. Ukibadilisha taa kuwa za LED, kila moja ipate rezista ya omu 1000, mguu chanya ukielekea waya wa buluu.

## Hatua ya 9: Kukimbiza na kuhifadhi

Kizungushe nusu saa kila upande, kwa kasi ya kati, bila mabehewa. Gusa ganda la mota baada ya hapo: vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuweka kidole kuna kitu bado kinakaza.

Chomoa kidhibiti ukutani kila stima inapokatika. Inaporudi huja na mruko, na kinga ya friji si ghali ukilinganisha na kidhibiti.

Usiache kichwa relini usiku. Kiweke kwenye ndoo au bati lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Wakati wa kusi na mvua za masika vikaushe vifuko juani kila juma. Kichwa kisichotembea mwezi mzima kitoe, kizungushe dakika kumi, ili kaboni na vibati visiote ngozi tena.

Ndani ya sanduku lake weka kadi yenye anwani, aina ya dikoda na soketi, CV 19 na 29 ulizoziacha, na ampia ulizosoma mota ilipozuiwa. Atakayekinunua kwako aikute.